Smuthi ya embe yenye iliki na tangawizi

Kwa glasi mbili: embe bivu 1 kubwa, ndizi mbivu 1 iliyomenywa na kugandishwa vipande, mtindi kikombe 1, maji baridi robo kikombe, tangawizi mbichi sentimita 2, iliki punje 3, mdalasini wa unga robo kijiko cha chai.

Iliki ndiyo huwaponza wengi. Pasua ganda, toa zile mbegu nyeusi, zitwange ziwe unga. Ukitupia punje nzima, maganda hayasagiki. Utakuwa unatema nyuzi. Mdalasini nao huelea juu kama vumbi usipokorogwa na mtindi kwanza.

Saga mtindi, maji, viungo na tangawizi iliyokwaruzwa kwa sekunde 20, ndipo uweke matunda. Ndizi iliyoganda ikitangulia chini, visu huzunguka patupu na blenda hulia tu. Ikitokea hivyo, zima, sukuma kwa mwiko, ongeza maji vijiko 2.

Onja kabla ya kufikiria asali. Embe likiiva vizuri, haihitajiki. Ukibadilisha embe kwa nanasi, kunywa papo hapo: kimeng'enya chake huvunja protini za mtindi, na baada ya muda smuthi huwa chungu.