Regulata ya presha ya mafuta: skrubu imelegezwa yote, geji inagoma kwenye 3.8

Hatimaye presha ya regulata mpya ya skrubu imetii. Injini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa), mpira wa vakyumu (unaoleta mvuto wa hewa wa injini kwenye regulata) umechomolewa na kuzibwa, geji inasoma bar 3.0. Mpira ukirudishwa inashuka hadi 2.4, kama inavyotakiwa.

Kufunga hakuna jipya: toa fyuzi ya pampu, acha injini ijizime yenyewe ili reli (bomba linalogawia injekta mafuta) iishiwe presha, ng'oa regulata ya kiwandani, funga mpya mbali na joto la ekzosi. Oringi (pete za mpira) zipakwe mafuta ya injini. Tepu nyeupe ya mabomba isiguse fitingi hizi hata kidogo. Kinachozuia uvujaji ni oringi, siyo nyuzi za skrubu, na vipande vya tepu vitaishia kwenye injekta.

Sasa huo ugomvi. Alenki inalegeza skrubu mpaka springi haina nguvu tena, geji imeganda kwenye 3.8. Ukikaza inapanda vizuri. Kushuka ndiko hakuna. Hapo wengi huilaumu regulata na kununua nyingine, na ya pili inafanya vilevile. Regulata haisukumi mafuta, inayafungulia tu njia ya kurudi tangini. Njia ikiwa nyembamba, presha itajaa hata mlango ukiwa wazi wote. Pampu iliyomo ni ya lita 255 kwa saa, na injini ikiwa silensa hunywa lita 1 hivi. Yaani karibu yote yanarudi! Ndiyo maana tatizo hujificha ukikanyaga: injekta zinachukua zaidi, kinachorudi kinapungua.

Kipimo kilichomaliza ubishi ni hiki. Injini imezimwa na imepoa, kizima moto kipo mkononi. Mpira wa kurudi ukachomolewa kwenye regulata, ukawekwa mwingine wa milimita 10 hadi kwenye dumu la chuma, pampu ikapewa umeme sekunde chache. Geji ikaanguka chini ya 2. Basi regulata ni nzima, kizuizi kiko mbele yake. Paipu ya chuma ilipitisha hewa bila shida. Mchawi alikuwa boluti ya banjo (yenye tundu ndani la kupitisha mafuta) ya njia ya kurudi: biti ya kekee ya milimita 2.5 haikupita kwenye tundu lake. Imewekwa fitingi iliyonyooka, presha sasa inafuata skrubu kila robo mzunguko. Ukishakaza nati ya kufungia, soma geji tena, maana huisogeza skrubu kidogo.

Wanaokaza skrubu kutafuta nguvu wajue: kutoka 3.0 hadi 3.5 mafuta huongezeka asilimia 8 hivi, huku kompyuta ikidhani injekta ni zilezile. Mchanganyiko wa hewa na mafuta unakuwa mzito, yaani mafuta yamezidi, plagi zinajaa masizi.

Geji ambayo kasha lake limejazwa kimiminika haifai kukaa kwenye chumba cha injini. Joto huvimbisha kile kimiminika, kasha linajaa presha, sindano inasoma pungufu. Rekebisha presha injini ikiwa bado haijachemka, au fungua kizibo cha juu kasha lipumue.

Kupima mchanganyiko barabarani kulikuwa hatua inayofuata, lakini kumesogezwa. Kwanza inaingia sensa ya umeme ya bar 0 hadi 10, volti 0.5 hadi 4.5, kwenye tundu la geji, ili presha irekodiwe injini ikivuta kwa nguvu. Waya wa ishara umeshapitishwa. Imebaki kutafuta ethi safi (mahali pa kuungia waya hasi).