Kijana wa Kodak

Mwezi wa sita mwaka 2023, saa kumi na moja jioni, nilikuwa nimeegesha lori kwenye kituo cha mafuta pale Kodak, Tennessee, sina la kufanya. Mzigo ungekuwa tayari kesho yake asubuhi, na hata ungekuwa tayari usiku ule nisingeondoka. Huku Marekani dereva wa lori haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 ndani ya saa 14, na baada ya hapo anatakiwa apumzike saa 10 mfululizo. Kuna kifaa ndani ya gari kinahesabu, na kifaa hakina ndugu. Nilipokuwa utingo njia ya Dar, Tunduma hadi Lubumbashi, tulilala tulipochoka na tuliamka bosi alipopiga simu. Huku napumzishwa kwa sheria, na ndiyo sababu ya haya yote ninayoyasimulia.

Ng'ambo ya I-40, kwenye njia ya kutokea namba 407, taa za uwanja zilikuwa zinawaka na jua bado liko juu. Wengi wanaotokea pale wanaelekea milima ya Smoky, au Pigeon Forge kwenye bustani ya michezo ya mwimbaji Dolly Parton. Mimi nilifuata taa. Nikavuka kwa miguu, jambo ambalo katika nchi hii linawafanya watu wakuonee huruma, nikanunua tiketi.

Besiboli nilikuwa naiona kwenye televisheni za vituo vya malori na sikuwahi kuielewa. Sisi tulikulia rede: wawili wanarusha mpira, wa katikati anakwepa. Hawa wameigeuza. Mmoja anarusha, mwenzake ana gongo, na nyuma yao wametapakaa watu wanasubiri kudaka. Watatu wanasimama mbali kabisa, kwenye nyasi, hata ukadhani wamefukuzwa. Muda mrefu hawaguswi na lolote. Wa katikati ndiye mkubwa wao. Mpira wowote akisema ni wake, wengine wanampisha.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja mwenye kofia iliyopauka. Aliniona natumbulia macho upande usiohusika, akasema, "Usiutazame mpira, kijana. Mtazame yule wa katikati." Aliniita kijana na mvi zangu zote.

Nikamtazama. Kabla mrushaji hajaachia mpira, yule wa katikati alikuwa ameshainama, visigino havigusi nyasi. Gongo lilipogonga, ko! ile sauti ilipotufikia tuliokaa juu, yeye alikuwa ameshaondoka. Alikimbia ameupa mpira mgongo. Hakugeuka mpaka alipokaribia ukingo wa udongo mbele ya ukuta, akaunyoosha mkono wenye glavu, akaanguka nao. Soda yangu ilimwagikia viatu vya mzee. Hakulalamika, alikuwa anapiga makofi.

Nilimkumbuka dereva wangu wa zamani. Mzee yule alikuwa anajua tairi litapasuka kabla halijapasuka. Tunateremka Kitonga, mimi sisikii chochote ila injini, yeye anasema, "Kaa vizuri, la nyuma kushoto linataka kutuaga." Na kweli linaaga. Nikimuuliza umejuaje, anajibu kwamba nikishaanza kuuliza nimeshachelewa.

Usiku, kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, nilimsoma yule mchezaji wa katikati kwenye simu. Pete Crow-Armstrong, mzaliwa wa California, miaka 21. Leo kila afuatiliaye besiboli anamjua: mwaka 2025 alipiga mipira 31 iliyovuka ukuta na akaiba beisi 35, yaani alikimbilia kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe. Siku ile alikuwa jina linalosubiriwa. Mwaka 2020 klabu ya New York Mets ilimchagua akiwa wa 19 nchi nzima, klabu kubwa zilipokuwa zinachagua vijana wapya kwa zamu, akitokea sekondari, ikamsainisha kwa zaidi ya dola milioni tatu. Kwa hiyo msidhani nawaletea hadithi ya fukara aliyetoka jalalani. Lakini mwaka ule wa korona ligi zote ndogo zilifutwa. Mwaka uliofuata akacheza mechi sita tu, bega likaumia, akapasuliwa. Na akiwa bado anauguza bega, Julai 30, 2021, Mets wakampeleka Chicago Cubs ili wao wampate Javier Báez na mrushaji mmoja.

Hapo nilicheka peke yangu gizani. Kijana naye ameshawahi kuwa mzigo, tena mzigo wenye ufa uliopokelewa hivyo hivyo na hati ikasainiwa.

Ligi hizi ndogo zina timu 120, na kila timu inalea wachezaji wa klabu kubwa fulani. Kuna ngazi nne: Single-A, High-A, Double-A, Triple-A, halafu ndiyo mbinguni. Si kama kwetu, ambako timu nzima hupanda kutoka Championship kwenda Ligi Kuu na mji mzima ukalala barabarani. Huku timu haipandi kwa kushinda. Ile timu ya Kodak, iliyokuwa ikiwalea vijana wa Cubs, ingebaki Double-A hata ingeshinda kila mechi. Anayepanda ni mtu mmoja mmoja, anaitwa ofisini, anakusanya viatu vyake, na kesho yake mashabiki wanakuta mwingine amesimama pale. Kwa mzee mwenye kofia iliyopauka, kuwa shabiki ni kazi ya kuaga.

Na mishahara! Miaka mingi hawa vijana walilipwa pesa ambayo utingo wa Tunduma angeikataa. Machi 2023 ndipo walipopata mkataba wao wa kwanza wa chama cha wafanyakazi: kima cha chini cha Double-A kikatoka dola 13,800 kwa mwaka hadi 30,250, na cha Triple-A kutoka 17,500 hadi 35,800. Ngazi moja juu ya hapo, kwenye ligi kuu, kima cha chini mwaka ule kilikuwa dola 720,000. Nilizisoma namba hizo mara mbili. Kati ya chumba cha kubadilishia nguo cha Triple-A na cha ligi kuu kuna tofauti ya mshahara wa maisha, na pengine tofauti ya uwezo ni upana wa kidole. Yule kijana alikuwa na milioni zake tatu za kusaini. Aliyesimama kushoto kwake huenda hakuwa na kitu, na basi walipanda lile lile.

Asubuhi nilipakia maboksi ya karatasi, nikaanza kuelekea Des Moines, Iowa, ninakoishi. Ni zaidi ya maili 800. Kabla ya kufika Nashville saa inarudi nyuma moja, unapewa saa ya bure ambayo kifaa cha lori hakiitambui. Kisha I-24 hadi Paducah, unauvuka mto Ohio, unaingia Illinois, na milima inakwisha kabisa. Kuanzia hapo ni mahindi. Nimeona mahindi ya Mbeya na ya Makambako, nikadhani nimeona mahindi. Ya huku yanachosha macho, unaendesha saa nzima na kitu pekee kilichobadilika ni jina la mhubiri redioni. Nililala karibu na St. Louis, kesho yake nikapanda kaskazini kufuata Mississippi, jioni nikafika nyumbani.

Kijana alinifuata. Nasema hivyo kwa kujipendelea, ila ndivyo ilivyokuwa: mwanzoni mwa mwezi wa nane Cubs walimpandisha Triple-A, na timu yao ya Triple-A ni Iowa Cubs, dakika kumi na tano kutoka mlangoni kwangu. Miaka yote ile nilikuwa napita nje ya uwanja wao bila kuingia.

Nikaenda na rafiki yangu Mkongo wa Bukavu. Des Moines ina Wakongo na Warundi wengi, Kiswahili unakisikia hadi kwenye foleni ya benki. Uwanja wa Principal Park umekaa pale mto Raccoon unapoingia mto Des Moines, na ukitazama juu ya ukuta wa mbali unaliona kuba la dhahabu la jengo la serikali ya jimbo. Kijana alikuwa amesimama chini ya lile kuba kama kawekwa kwa kipimo.

Rafiki yangu alivumilia sana. Mzunguko wa tatu ulipokwisha akanigeukia kwa heshima, "Kaka, sasa huu mchezo unaanza saa ngapi?"

Baadaye aliuliza swali la maana zaidi: Mwafrika amewahi kufika huko juu? Nikamwambia yupo, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, wa kwanza kabisa aliyezaliwa Afrika. Alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akazungushwa ligi ndogo zaidi ya miaka minane, akaitwa Aprili 2017. Mara yake ya kwanza kushika gongo alipiga safi, na waliopigwa walikuwa hao hao Chicago Cubs. Mkongo akanyamaza akihesabu vidole. "Miaka minane kwenye basi," akasema. Kuanzia pale aliutazama mchezo vizuri.

Usiku ule kijana hakufanya cha ajabu. Alikosa mpira mmoja na gongo akalisindikiza kwa maneno ambayo hatukuhitaji kuyasikia. Ila kila mara mrushaji alipoinua mguu, kule mbali visigino vilinyanyuka. Mamia ya mara kwa usiku mmoja, na pengine mipira mitatu ndiyo iliyomfikia.

Septemba nilipeleka mzigo South Bend, Indiana, alikochezea mwaka 2022 ngazi ya High-A baada ya kuanzia Myrtle Beach. Nataja South Bend kwa sababu moja tu. Duka la timu limo ndani ya lililokuwa sinagogi la mwaka 1901. Waumini walihama, jengo likabaki ndani ya eneo la uwanja, wakaona wauzie humo kofia. Niliingia nimevua kofia, muuzaji akacheka, maana sinagogini mwanaume hufunika kichwa, nikaivaa tena. Nilitafuta fulana yenye jina la kijana sikuipata. Alishaondoka, na pale palikuwa na majina ya wengine.

Yeye wakati huo alikuwa ameshaitwa juu. Septemba 11, 2023, Denver, alivaa jezi ya Chicago kwa mara ya kwanza. Nilikuwa Nebraska na redio. Mechi 13 alizocheza mwezi ule alipewa nafasi 14 za kupiga zinazohesabika, na hakupata hata moja. Sifuri kati ya 14. Na wenzake aliowaacha Kodak wakabeba ubingwa wa ligi yao, Southern League, mwezi huo huo, yeye hayupo hata kwenye picha. Mwaka 2024 ulipoanza alirudishwa Iowa. Sikwenda kumtazama. Niliona haya kwa niaba yake, kama unavyokwepa kukutana na mtu aliyerudi kutoka mjini mikono mitupu.

Aprili 23, 2024, Cody Bellinger, aliyekuwa akicheza katikati Chicago, alikimbilia mpira akajigonga kwenye ukuta wa Wrigley Field. Ule ukuta umefunikwa na mmea wa kutambaa tangu 1937, kwenye picha unaonekana kama godoro, ila nyuma ya majani ni matofali. Akavunjika mbavu. Kesho yake kijana wangu akaitwa.

Niliposikia nilifurahi, halafu nikajishika. Mimi mwenyewe usukani niliupata hivyo hivyo. Yule mzee wangu wa Kitonga alianguka kwa homa tukiwa Makambako, akalazwa, bosi akaniuliza kwenye simu kama naweza kulifikisha lori Tunduma. Nikasema naweza. Nilisema haraka mno. Sijawahi kuisahau ile haraka.

Aprili 25 nilikuwa Walcott, Iowa, kwenye kile kituo cha I-80 kinachojiita kikubwa kuliko vyote duniani kwa malori, nangojea saa zangu za kupumzika ziishe. Redio ilikuwa Chicago, wanacheza na Houston Astros. Kijana akashika gongo. Mtangazaji akaikumbusha dunia ile sifuri. Kisha sauti ya mtangazaji ikapanda, ikapanda tena, na umati ukaimeza. Mpira ulikuwa umevuka ukuta. Pigo lake la kwanza la ligi kuu, na lilileta pointi mbili katika mechi waliyoshinda 3 kwa 1.

Nilitoka nje ya lori. Pale palikuwa na malori mamia, kila mtu na pazia lake limefungwa. Nikampigia simu yule mzee wangu wa Kitonga, Makambako. Kwao ilikuwa usiku umekwenda, lakini kesho yake ilikuwa sikukuu ya Muungano kutimiza miaka 60, nikajua hajalala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna, mzee. Kuna kijana mmoja huku." Nikamsimulia yote, Kodak, visigino, sifuri, ukuta, mbavu, mpira uliovuka. Nilisema kwa dakika kumi nzima, naye hakunikatiza. Nilikuwa nasikia redio yake kwa nyuma, na mbwa wa jirani.

Nilipomaliza akakohoa kidogo. "Na huyo wa mbavu," akauliza, "anaendeleaje?"