Wavu wa wazee na wavu wa watoto

Wavu wangu wa kwanza ulikuwa wa baharini. Mwalimu aliniazima: mdomo wa sentimita 57, kitambaa chenye macho ya maikroni 200 (moja ya tano ya milimita), mfano wa WP-2 ambao UNESCO iliupendekeza mwaka 1968 ili watafiti wa bahari waweze kulinganisha zooplanktoni zao, yaani wanyama wadogo wanaoelea majini. Tukatoka Bukavu asubuhi na mapema kwa mtumbwi wa Papa mmoja mvuvi, nikashusha wavu mita 60, nikavuta. Chini zaidi ya hapo oksijeni ya Ziwa Kivu huwa imekwisha, kwa hiyo hakuna cha kufuata.

Kwenye hadubini nikaona kopepodi, vijidudu jamaa ya kamba, wa kike, wengi, wamebeba mifuko ya mayai kiunoni. Watoto wao, wale nauplii, niliwapata watatu tu. Ni kama kupita mtaa wetu wa Kadutu, Bukavu, ukakutana na wajawazito watupu, bila mtoto hata mmoja njiani.

Nilipomweleza Papa, akacheka. "Mwanangu, mbona ni jambo la wazi? Anayevua kwa chandarua anaondoka na vitoto vya sambaza, vile visamaki vyetu vya ziwani. Wewe macho ya wavu wako ni makubwa."

Nilikuwa nimepima urefu wa wanyama, kumbe kinachompitisha mnyama kwenye tundu ni upana. Kopepodi wa nusu milimita ni mwembamba, tena wavu ukivutwa maji humsukuma, akapenya. Hata baharini, kopepodi aitwaye Oithona na wenzake wadogo walihesabiwa pungufu miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo.

Nikashona wavu wa maikroni 50, mdomo sentimita 25. Hapo ndipo nilipoteseka. Nauplii walijaa, sawa, lakini kopepodi wakubwa kwa kila mita ya ujazo walishuka karibu nusu. Siku mbili nilikuwa nalaumu hesabu yangu. Mkubwa hawezi kutoroka kwenye tundu dogo kuliko lile lililomkamata jana! Safari iliyofuata nikainama kuangalia wavu ukipanda: kitambaa kimekuwa cha kijani, kinateleza kama bamia, na maji yanafurika mdomoni badala ya kupita. Mwani ulikuwa umeziba. Mimi nilikuwa nagawanya idadi yao kwa karibu mita za ujazo 3, yaani mdomo mara kina, na maji hayo hayakuwahi kupita. Kipima-mtiririko, kifaa cha kupima maji yanayopita wavuni, kingenionyesha mapema, ila bei yake ni ya watu wengine.

Basi nikaacha kutafuta wavu mmoja wa kufanya yote. Wakubwa nawavua kwa maikroni 200, toka mita 60, polepole, kama nusu mita kwa sekunde. Wadogo siwavuti tena: nachota maji kwa chupa ya lita 5 inayofungwa kule kinani, kila mita 10, namimina juu ya kipande cha kitambaa cha maikroni 50. Ujazo naujua, na kikiziba nasubiri kichuje. Ni kazi ya kuchosha mikono, na lita 5 ni chache kwa mnyama adimu, lakini kwa nauplii zinatosha.

Kwenye kila chupa ya sampuli naandika kwa penseli kina, saa na macho ya kitambaa. Papa yeye ameshaupa ule wa kwanza jina. Tukifika majini ananiuliza, "Leo tunaanza na wavu wa wazee?"