Nilijaza "Hakuna" kwenye fomu

Fomu ya mradi wetu wa umeme wa jua ilikuwa na mstari mmoja ulioniponza. "Matumizi ya sasa ya eneo," kisha nukta nyingi za kujazia. Nikaandika: Hakuna. Wala sikusita.

Nilikuwa na sababu zangu. Eneo lenyewe ni ekari moja kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani, kipande cha shamba la mkonge lililotelekezwa miaka mingi hadi hati ikafutwa na ardhi ikarudi kijijini. Nilikwenda mwezi wa pili, jua la utosi, nikakuta mikonge iliyozeeka na milingoti yake mikavu, vichaka, mkwaju mmoja mkubwa upande wa kusini, na kimya. Nikapima kwa futi kamba, nikapiga picha, nikarudi mjini nikiwa nimeshachora kichwani mstatili safi wa paneli.

Kikundi chetu cha wauza samaki kilikuwa kinataka mtambo wa barafu. Barafu tulikuwa tunaifuata Tanga mjini, inafika nusu yake maji. Tukakubaliana tufunge paneli 160 za wati 550 kila moja, yaani kilowati 88, na zisimame ardhini kwa sababu paa la banda letu lisingebeba hata robo yake. Betri hatukuziweka kabisa. Mtambo unagandisha mchana jua likiwaka, usiku barafu inalala kwenye chumba baridi, basi barafu ndiyo betri yenyewe. Mimi ni fundi umeme, na kwa kosa hilo nikaangushiwa makaratasi yote. "Si wewe ndiye unayeyaelewa haya mambo?"

Nyaya naelewa. Vibali nilivijulia njiani. Upande wa nishati haukusumbua, maana mradi ulio chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya kuzalisha umeme. Kazi ilikuwa upande wa mazingira na ardhi. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zilizorekebishwa mwaka 2018, zinaigawa miradi kwa uzito wake: mingine lazima ifanyiwe tathmini kamili ya athari kwa mazingira, mingine andiko la mradi linatosha. Aliyeamua tuko kundi gani alikuwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, na andiko haliandikwi na yeyote tu, bali mtaalamu aliyesajiliwa. Tulimpata dada mmoja makini sana. Akanipa orodha ya vitu vya kukusanya kijijini, ikiwamo ile fomu, na muhtasari wa mkutano wenye orodha ya mahudhurio na saini.

Ardhi ya kijiji haitoki mfukoni mwa mwenyekiti. Lazima mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Tukaitisha siku ya Jumamosi, saa 4 asubuhi, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Walijaa. Mzee mmoja akauliza kama paneli zitavuta radi. Nikamweleza habari za waya wa kuipeleka radi ardhini. Mwingine akasema amesikia paneli zinafukuza mvua. Watu wakacheka, lakini nikaona wengi wanasubiri jibu, basi nikajibu kwa heshima kwamba paneli inapokea mwanga tu, haina habari na mawingu. Vijana wakauliza ajira. Mwisho mikono ikanyooshwa, hakuna pingamizi. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Afisa mazingira wa halmashauri alikuwa mtu wa makamo, mwenyeji wa Pangani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma karatasi zangu polepole mpaka nikaanza kuhesabu mapangaboi. Alipofika kwenye "Hakuna" akalizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Hakusema kitu. Akafungua orodha ya mahudhurio, akashuka nayo kwa kidole.

"Majina 61," akasema. "Wanawake 7. Wengine walikuwa wapi?"

Nikasema labda majumbani, na shughuli za nyumbani.

"Siku hiyo bahari ilikuwaje?"

Swali hilo sikulitegemea. Mimi ni mtu wa Muheza, nyumbani kwetu ni machungwa. Akavuta kalenda ukutani, akahesabu siku za mwezi. "Mwezi mpevu," akasema. "Bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Saa 4 asubuhi maji yamekupwa mpaka mwambani. Umewaita watu mkutanoni saa ambayo wanawake wote wa pwani wako kwenye pweza. Na ulipokwenda kuona eneo?"

Tukahesabu. Maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana.

"Basi nenda tena bamvua ijayo. Ukae toka saa 2."

Nilikasirika, sitaficha. Tulikuwa na mkopo unaosubiri na mimi natumwa kwenda kutazama maji. Lakini nilikwenda, na chupa ya chai, nikakaa chini ya ule mkwaju.

Saa 2 na nusu wakaanza kupita. Mmoja mmoja, kisha wawili wawili, kanga zimefungwa kiunoni, vijiti vya kuchokolea pweza mkononi, wengine na ndoo, na watoto nyuma. Walitokea kitongoji cha ng'ambo ya barabara, wakakata moja kwa moja katikati ya "eneo langu". Njia ilikuwapo. Niliikanyaga mwezi wa pili nisiione, kwa sababu majani yalikuwa yamelala juu yake. Nilihesabu mpaka 30 na kitu nikaacha. Saa 6 wakaanza kurudi, na hapo ndipo nilipojua mkwaju ule ni wa nini. Walitua vyombo vyao pale, wakapumzika, wakapigapiga pweza kwenye jiwe bapa ambalo mimi nilidhani ni jiwe tu, na mnunuzi akaja na pikipiki na mizani yake. Soko lilikuwa chini ya mti ambao kwenye mchoro wangu nilikuwa nimeuandikia neno "ukatwe".

"Shikamoo bibi," nikamwamkia mmoja aliyekaa jirani.

"Marahaba mwanangu. Ndiwe wa miale hiyo ya jua?"

"Ndiye."

"Ati utatia seng'enge hapa?"

Nikasema ndiyo.

"Basi sie tutaruka," akasema, akaendelea kupiga pweza wake.

Tukaitisha mkutano wa pili saa 10 alasiri, siku ya maji mafu. Safari hii wanawake walikuwa zaidi ya nusu, na hakuna aliyeuliza habari za radi. Waliuliza njia, mti, na kama mwenye ndoo moja ya pweza atauziwa barafu ya kiasi hicho au lazima anunue gunia zima. Hilo la mwisho hata kikundi chetu hakikuwa kimelifikiria.

Kwenye uzio sikuwa na nafasi ya kubishana. Paneli 16 zilizofungwa mfululizo zinakaribia volti 800, na jua likiwapo huwezi kuzizima. Hata ukikata swichi, paneli zenyewe bado zinazalisha. Mtoto hapaswi kufika. Kwa hiyo tuligawa eneo vipande viwili, kila kimoja na uzio wake, na kati yake tukaacha njia ya mita 3. Waya wa kuunganisha pande mbili tukaufukia ndani ya bomba, juu yake tofali na utepe wa tahadhari. Gharama ya seng'enge ilipanda, na waya ukawa mrefu, ikabidi uwe mnene zaidi ili umeme usipotee njiani.

Mkwaju ulitaka hesabu nyingine. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini mara 2 kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi linakuwa upande wa kusini, na mti ulioko kusini unalaza kivuli chake kaskazini, yaani juu ya paneli zangu, katika miezi ileile ya joto ambayo barafu inatakiwa zaidi. Na kivuli kwenye paneli si jambo la kugawana hasara kidogo kidogo. Zimefungwa mfululizo kama shanga. Chache zikikosa jua, mnyororo mzima unaweza kushuka. Nilikaa na dada mtaalamu tukachora vivuli vya asubuhi na jioni, tukasogeza safu zote kaskazini, na mnyororo mmoja ukakosa mahali. Tukabaki na paneli 144, kilowati 79. Mwenyekiti wa kikundi aliniuliza kama barafu itapungua. Nikamwambia itapungua. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema mama yake naye anapita pale.

Masika ilikuja ikanisomesha somo la pili bila kutumwa na mtu. Mwezi wa nne nilikuta kona ya mashariki imejaa maji mpaka magotini. Kalavati la barabara linamwaga pale, na maji yanateremka yakifuata mkondo ambao kiangazi hauonekani. Mkandarasi alikuwa ameshapanga kuleta katapila akwangue eneo lote libaki jekundu. Tulikataa. Maji yanayodondoka ukingo wa paneli yanachimba mfereji kwenye udongo uliokwanguliwa, na udongo huo safari yake ni baharini, kwenye mwamba uleule wa pweza, tena pwani hii ni ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa 2009. Tuling'oa mkonge kwa mikono, majani tukayafyeka tu, mizizi ikabaki, na ile kona tukaiachia maji yake.

Andiko lilipokwenda Baraza lilirudi na maswali mawili. Kwanza, paneli zikifa zitakwenda wapi. Tukaandika utaratibu wa kuzirudisha kwa muuzaji, na kuuweka ndani ya mkataba. La pili lilikuwa mambo ya kale, maana magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya kale, yako barabara hii hii: tukiokota vigae vya vyungu wakati wa kuchimba, tunasimama na kutoa taarifa. Hatukuokota kitu. Baada ya hapo tukaambiwa andiko linatosha, tathmini kamili haihitajiki, na masharti yake yakaja kwenye karatasi moja na nusu.

Ujenzi sitausimulia, isipokuwa nguzo. Chini ya udongo wa pale kuna mwamba wa matumbawe, pengine sentimita 40 tu, na nguzo ya kugongwa inafika hapo inagoma. Nyingi tulizitobolea kwa drili na kumimina zege. Zote ni chuma kilichozamishwa kwenye zinki, kwa sababu upepo wa kusi unaleta chumvi na kutu haina adabu. Majani tunalishia kondoo. Mbuzi hatuwataki ndani, maana anapanda juu ya paneli na kutafuna waya kwa siku moja.

Barafu sasa inauzwa hata ya ndoo moja. Yule bibi wa siku ile ananunua, na kila nikipita ananiambia njia ni nyembamba, wawili wenye ndoo hawapishani. Nilimjibu mara kadhaa kwamba ni mita 3, iko kwenye mchoro. Wiki iliyopita nikashuka na futi kamba. Mita 3 kila mahali, ila kwenye kona moja mita 2 na nusu, pale mafundi walipokutana na mwamba, nguzo ikagoma, wakaisogeza bila kuniambia. Itang'olewa maji mafu yajayo, siku ambayo hapiti mtu.