Kutoka Nguruka Kwenda Uvinza

Treni ya Kigoma ilipoondoka Nguruka, behewa zima lilinuka kambare wa kukaushwa. Mzee tuliyekabiliana naye, bwana shamba mstaafu, akataka kujua nafuata nini Uvinza.

"Chumvi, mzee wangu."

"Nani huenda Uvinza kufuata kingine?"

Nikamweleza habari za Hugo Boyko, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Vienna, na mkewe Elisabeth, bingwa wa bustani. Mwaka 1949 walianza kupanda miti na maua Eilat, kwenye ncha ya kusini ya Israeli, jangwani hasa, wakiimwagilia maji ya chumvi. Kwa kawaida chumvi ikizidi kwenye udongo, mzizi hushindwa kuvuta maji na mmea hukauka huku umelowa. Bustani yao ikastawi. Ujanja ulikuwa mchanga: maji hupenya upesi, mizizi hupata hewa, na maji ya leo huisukuma chini chumvi ya jana.

Mzee akatikisa kichwa. "Mlete huku kwenye udongo wa mfinyanzi wa Malagarasi tumwone." Alikuwa na haki. Mfinyanzi hushika maji na chumvi pamoja, jua likipiga chumvi inapanda juu, shamba linakuwa jeupe. Wanaosimulia habari za Eilat kama muujiza wa maji huusahau mchanga, nami nilikuwa mmoja wao mpaka tulipofika kituo cha Malagarasi.

Uvinza nilishuka peke yangu. Mzee alikuwa anaendelea Kigoma. Chemchemi za chumvi ziko jirani na mto Ruchugi, na wanaakiolojia wamethibitisha kuwa watu wamechemsha maji ya chemchemi hizo kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Nilichovya kidole, nikalamba. Bahari ya Dar es Salaam ni uji mbele yake! Boyko mwenyewe asingeimwagilia hata nyasi maji haya bila kuyazimua kwanza.

Mwenyeji wangu, mama aliyekulia hapo, hakuona ajabu. "Sisi mimea tuliitumia kuni," akasema, akinionyesha vilima vya miombo. Kila chungu cha chumvi kilikula mzigo wake wa miti, na chumvi hiyo ilibebwa mbali, ikabadilishwa kwa majembe na nguo. Kisha akaniuliza kama huko Eilat waliwahi kuvuna chochote cha kuliwa.