Mwarobaini, saa 12 jioni

Juzi niligeuza jani la sukuma wiki bustanini kwangu, Morogoro. Wadudu mafuta walikuwa wamejazana, rangi ya majivu, na majimaji yao yakaninata vidoleni. Mboga hizi wanangu wanazila kila siku, kwa hiyo sumu kali siitaki kabisa.

Nilikoroga mililita 5 za mafuta ya mwarobaini na sabuni kidogo ya maji (bila sabuni yanaelea tu), kisha nikaongeza maji lita 1. Nilisubiri jioni: jua linayapunguza nguvu, na nyuki nao wamesharudi mzingani. Nikapulizia chini ya majani, ndiko wadudu mafuta wanakojificha.

Hawakufa palepale. Walianza kwa kuacha kula. Leo majani machanga yanachipua safi, Jumamosi narudia.