Laki sita au laki tisa? Nilivyozoea maiki ya mkutano wa kijiji

Mimi ni katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu. Kuandika muhtasari hakujawahi kunisumbua. Kilichonitoa jasho ni kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ule wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Tunakaa chini ya mwembe, upepo unavuma, bodaboda zinapita, na vyombo ni vilevile vinavyokodiwa harusini na misibani: spika za honi, mikisa na jenereta linalonguruma kando.

Nikisoma "laki sita", mzee mmoja wa nyuma anasimama: "Katibu, sita au tisa?" Kwenye hela ya watu hilo si swali dogo. Laki tatu zikipotea hewani, jioni kijiji kizima kinajua nani kazila.

Aliyenisaidia ni kijana anayefunga vyombo. "Mama," akaniambia, "hiki ni kipaza sauti. Kupaza ni kazi yake, wewe ongea tu." Akanisogezea maiki hadi vidole vitatu kutoka mdomoni, chini kidogo kuelekea kidevuni, ili pumzi ya "p" na "b" ipite juu yake badala ya kuipiga. Mimi nilikuwa naishika kifuani. Ukiishika huko, fundi hulazimika kuongeza sauti, na maiki inaanza kuokota upepo, jenereta, mwisho hata spika yenyewe. Sauti inatoka kwenye spika, inarudi kwenye maiki, inazunguka hivyo mpaka unasikia ule mluzi unaowafanya watu wazibe masikio. Ndiyo maana sasa nasimama nyuma ya spika, kamwe si mbele yake, na sikifumbati kichwa cha maiki kama wanavyofanya waimbaji wa kizazi kipya. Maiki nyingi za mkononi zimeundwa zisikie zaidi upande wa mbele. Ukikifumba kichwa zinasikia kila upande, na mluzi unarudi.

Shida nyingine ilikuwa ukuta wa zahanati. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mita 85 mbele yako unakurudishia neno nusu sekunde baada ya kulitamka. Ukijisikiliza, ulimi unajikwaa. Dawa niliyoipata ni sentensi fupi na kituo kirefu. Mwanzoni kituo hicho kinakutia aibu, unadhani watu wanafikiri umesahau. Hawafikiri hivyo, wanapumua.

Kuhusu sita na tisa, herufi ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu, na "s" na "t" ni sauti nyembamba zinazomezwa na upepo kabla hazijafika nyuma. Kwa hiyo kila kiasi nakitaja mara mbili kwa njia mbili: "Laki sita. Yaani laki tano, ongeza moja." Vijana wanacheka, lakini hakuna anayeondoka na hesabu yake. Karatasi nayo naiandika kwa maandishi makubwa na kuiinua usawa wa kifua, kwa sababu kila ukiinama kusoma, mdomo unaiacha maiki.

Zamani nilianza kwa kuuliza, "Wa nyuma mnanisikia?" Watu wetu wana adabu, wataitikia "Ndiyooo" hata kama wameona midomo tu ikicheza. Siku hizi nauliza, "Nyie mliokaa karibu na tangi, leo tarehe ngapi?" Jibu likija sahihi, naendelea. Likija "Ndiyooo", namtazama fundi.

Kipindi cha maswali ndicho bado kigumu. Mtu akipewa maiki anaizungusha huku na huko, au anaikataa kabisa, "Mimi sauti yangu inatosha," na inawatosha kweli wa mstari wake. Sibishani naye. Namsikiliza hadi mwisho, nalirudia swali lake kwenye maiki, namuuliza kama ndivyo alivyosema, ndipo najibu.